Tisa Zaidi ya Ishirini

Kazi yangu ilikuwa kusoma kwa sauti, na sauti ndiyo kitu nilichokosa.

"Dada Arbia, sauti!" Ayanle alisema kila baada ya fomu tatu au nne, macho yake hayabanduki kwenye kioo cha kompyuta. "Feni naisikia. Punda wa maji huko nje namsikia. Wewe sikusikii."

Nilikohoa nikaanza tena. Jina, jina la baba, jina la babu. Mahali. Watu wa nyumba. Mbuzi na kondoo waliobaki. Mimi nikisoma, yeye akibonyeza, na miguu yangu chini ya meza haikutulia hata dakika moja. Sijui kukaa kitini. Nimekulia nyuma ya mbuzi, na mbuzi hawakai.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, kabla ya zile mvua zilizoleta mafuriko. Ukame ulikuwa umekula mifugo kutoka Griftu mpaka Diff, na hapa Garissa mizoga ilikuwa imelala kando ya barabara mpaka makorongo wakachoka kuila. Shirika letu lilikuwa dogo, ofisi ya vyumba vitatu nyuma ya soko, lakini lilikuwa limepata fedha za kununua mbuzi. Kila nyumba iliyobakiwa na mbuzi na kondoo chini ya ishirini ingepewa mbuzi kumi. Vijana walitumwa na fomu wakaandika nyumba mia nne na kumi na mbili.

Ayanle aliletwa kutoka Nairobi pamoja na kompyuta. Msomali kama sisi, lakini mtoto wa Eastleigh. Alijua mashine, majina yetu hakuyajua, na mwandiko wa wale vijana ulikuwa kama nyayo za kuku. Ndipo wakanitafuta mimi. Niliachia shule darasa la tano, mwaka ambao baba alisema mbuzi wanahitaji mtu kuliko ubao unavyohitaji, lakini kusoma sikusahau, na majina ya watu wa pande zetu nayajua kama vidole vyangu.

Mkuu wa ofisi, Mzee Korane, alikuwa na sababu yake ya kutaka kompyuta. Mara ya mwisho waligawa unga kwa orodha ya kalamu, na watu wakatupa mawe kwenye geti wakisema orodha inanuka ukoo mmoja. Safari hii alisimama mbele ya wazee akasema, "Kompyuta haina ukoo. Haina mjomba, haina shemeji. Itakachosema ndicho." Wazee wakakubali.

Shida ilianza siku ya kwanza, fomu ya kumi na tano.

"Mbuzi na kondoo waliobaki," nilisoma. "Alhamdulillahi."

Ayanle aligeuka. "Ngapi?"

"Ameandikiwa Alhamdulillahi."

"Ameulizwa ngapi, yeye anamshukuru Mungu!" Alibonyeza neno hilo kwa hasira. Mashine ikalikataa, ikamwambia aanze upya. Alipofunua fomu zilizofuata alikuta nyingine imeandikwa "wapo", nyingine "Mungu ndiye ajuaye", nyingine tena Alhamdulillahi. "Hawa watu hawajui kuhesabu?"

Uso wangu ulipata moto. "Wanajua," nilisema. "Kwetu mali yenye uhai haitajwi hesabu yake kwa mdomo. Ukisema ni ishirini, kesho watakuwa kumi na tisa."

"Na wale wengine waliotaja namba?"

"Wengine wana njaa kuliko hofu. Wengine vijana wamewahesabu wenyewe kwa macho, mwenye mali akitazama pembeni."

Alicheka, akakuna kichwa, akaingia ndani ya ile programu yake. Mwishoni mwa neno MBUZI akaweka alama ya dola. "Haya. Sasa itakubali chochote, hata qasida."

Mzee Korane alikuwa akipita na bilauri yake ya chai. "Hata hiyo nayo inataka dola?" alisema, akaenda zake akicheka peke yake.

Na kweli, ilikubali. Tukaendelea.

Garissa ya wakati ule umeme ulikuwa ukikatika karibu kila mchana. Feni ilizunguka polepole, ikasimama, na kioo kikawa cheusi. Ayanle naye alikuwa hajui kukaa bure. Alichukua karatasi zilizoharibika akaanza kunifundisha kwa kalamu, kwa hiyo programu niliijua kwanza bila umeme.

Aliniambia kompyuta ni ghala la vyombo, na kila chombo kina jina na kina aina. Chombo cha namba hakikubali maneno. Chombo cha maneno kinakubali vyote, na alama yake ni ile dola. Hapo nilimwelewa kabla hajamaliza. Kwetu kibuyu cha maziwa hufukizwa kwa makaa na hakuna mtu mwenye akili atakayetia maji humo. Na jerikeni ya maji haitiwi maziwa.

"Lakini cheki," alisema, "namba ikikaa kwenye chombo cha maneno, haina uzito tena. Inakuwa mchoro tu." Akaandika saba ndani ya alama za kufunga na kufungua maneno, akaweka alama ya kujumlisha, akaandika saba nyingine vilevile. "Inatoa ngapi?"

"Kumi na nne."

"Sabini na saba!" Alipiga meza kwa furaha. "Inazibandika ubavu kwa ubavu. Haijui kama ni hesabu."

Akanionyesha alama nyingine. Kuzidisha ni nyota, kugawanya ni mkwaju ulioinama. Kidogo kuliko ni kialama kama mdomo uliofunguka, na mdomo unatazama kilicho kikubwa. Hayo niliyashika. Lililonikosesha raha ni moja tu, aliloliandika hivi: N = N + 1.

"Hii si kweli," nilisema.

"Kwa nini?"

"Kitu hakiwezi kuwa sawa na chenyewe na moja juu. Mwalimu wetu wa darasa la tano angenichapa."

"Hiyo si 'sawa na' ya shule. Anzia kulia. Chukua kilichomo ndani ya N, ongeza moja, rudisha ndani ya N."

Niliitikia kwa kichwa, lakini lilibaki ndani yangu kama mwiba. Nikienda kisimani, N = N + 1. Nikifua, N = N + 1.

Jumanne ya wiki ile ya mwisho, orodha ikitarajiwa kusomwa Jumamosi, mama mdogo Hawo alinijia ofisini. Kwetu mama mdogo ni habaryar, na yeye naye humwita mtoto wa dada yake habaryar, jina moja huku na huku. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu afe. Alikuwa ametembea tangu alfajiri kutoka njia ya Dadaab, na hakukubali kuingia ndani. Alichuchumaa kwenye kivuli cha ukuta.

"Habaryar," aliniita, "jina langu litasomwa Jumamosi?"

"Sijui, habaryar. Mashine ndiyo itakayochagua."

"Hiyo mashine inanijua?"

"Haimjui mtu."

Alipangusa vumbi mguuni. "Lisiposomwa, Jumapili nabomoa nyumba naenda kambini Dadaab kutafuta kadi ya wakimbizi. Saynab jirani yangu naye anasema hivyo. Watatuuliza tumekimbia kutoka wapi. Tutasema Kismayu."

"Kismayu haijawahi kukuona!"

"Na Kenya imewahi kuniona? Niambie." Alicheka kidogo, meno machache. "Huko kuna unga kila baada ya siku kumi na tano."

Nilimwambia kwamba ukiandikwa mkimbizi, umeandikwa. Siku utakayotaka kitambulisho, watakuonyesha lile jina, na kidole chako kitakuwa ndicho shahidi. Bibi yangu amezikwa hapa. Mama yangu amezikwa hapa. Habaryar alinisikiliza, kisha akasema mbuzi wake hawatoshi kumlisha hata paka, na mtu hali kaburi la mama yake. Aliondoka bila kunywa chai. Wangapi walikuwa wamebaki kwake mimi nilijua, maana nilikuwa nimelala kwake mwezi uliopita. Walikuwa saba.

Alhamisi saa nne asubuhi Ayanle aliiagiza mashine itoe orodha ya nyumba ambazo mbuzi wake ni kidogo kuliko ishirini. Printa ilianza kulia kama nzige, karatasi ikatoka ndefu yenye vitundu pembeni. Majina mia moja na arobaini na nane. Niliyapitia moja moja kwa kidole. Hawo hayumo. Nikayapitia kutoka chini kwenda juu. Hayumo.

Alikuwemo Olow.

Olow ni mfanyabiashara wa mifugo aliyezoea kuhesabu mbuzi juu ya lori, na kutaja namba hakuogopi. Fomu yake niliisoma mimi mwenyewe kwa sauti. Mia moja na arobaini. Habari ilimfikia kabla ya adhuhuri, akaja na kikoi chake kipya na fimbo yake.

"Mimi ni maskini, Korane?" aliuliza mlangoni, akicheka mpaka tumbo likatikisika. "Mimi sikujua. Wake zangu hawakujua. Mashine imeniona! Mimi nani nibishane na mashine?"

Mzee Korane hakucheka. Olow alipokwenda, nilimsikia akimwambia Ayanle kwa sauti ya chini, "Nikimtoa yule kwa kalamu, kesho watu wake wako getini. Nilisema mbele yao kwamba kompyuta haina ukoo. Basi, imesema, nami ninyamaze."

Niliosha bilauri ambazo zilikuwa safi. Nikafagia mahali nilipofagia. Nilitoka nje nikarudi, nikatoka tena, mpaka askari wa geti akaniuliza kama naumwa tumbo. Kichwani nilijua jambo moja: nikisema habaryar wangu ameachwa, nitakuwa sawa na wale wa orodha ya kalamu waliotupiwa mawe. Kila mtu ana habaryar.

Lakini niliona kitu kingine. Saynab, jirani ya habaryar, mjane, fomu yake ilisema tisa. Naye hakuwemo.

Wengine walipokwenda kuswali adhuhuri, nilimaliza swala yangu haraka, Mungu anisamehe, nikazichukua fomu zote nikazitandaza sakafuni. Nikaanza kuoanisha. Aliye na sifuri yumo. Moja yumo, mbili yumo. Aliye na tatu hayumo. Nne hayumo. Tano, sita, saba, nane, tisa, hata mmoja hayumo. Kisha kumi yumo, kumi na mbili yumo, kumi na tisa yumo. Mia moja na ishirini yumo! Olow yumo. Nikatafuta wa mia mbili na zaidi, hayumo.

Nilikaa juu ya visigino vyangu nikazitazama. Moja, kumi, kumi na tisa, mia moja na arobaini. Zote zinaanza kwa moja.

Ndipo nikakumbuka sabini na saba. Mbuzi walikuwa kwenye chombo cha maneno. Mashine ilikuwa haihesabu mbuzi, ilikuwa inawapanga kama mwalimu anavyopanga majina kwenye rejista: Abdille kabla ya Kaaha, hata kama Abdille ni mrefu kama mnara. Ilitazama herufi ya kwanza. Moja ya Olow inatangulia mbili ya ishirini, basi Olow ni mdogo. Tisa ya Saynab inakuja nyuma ya mbili, basi Saynab ni tajiri. Na Alhamdulillahi, kwa mashine, iko nyuma ya namba zote.

Ilikuwa ile dola. Ilikuwa zile fomu za Alhamdulillahi ambazo kwa ajili yake dola iliwekwa.

Siku hiyo sikusema. Niseme ukweli, nilishindwa. Ayanle alirudi akiimba, nikafungua mdomo nikamuuliza kama anataka chai.

Ijumaa ofisi ilikuwa ikifungwa mapema. Nilifika kabla ya askari kufungua, nikazunguka jengo mara sita. Ayanle alipoketi nilisimama nyuma ya kiti chake.

"Kaka Ayanle. Iulize mashine kama tisa ni ndogo kuliko ishirini."

"Nini?"

"Iulize tu. Lakini ziweke kwenye chombo chenye dola."

"Siste, mbona unanitisha asubuhi asubuhi?" Hata hivyo aliandika, mstari mmoja. Kama tisa ni ndogo kuliko ishirini, sema NDIYO, la sivyo sema HAPANA. Akabonyeza.

Mashine ikasema HAPANA.

Ayanle akabonyeza tena, kana kwamba mashine ingejutia. HAPANA. Akaweka mia moja na arobaini mahali pa tisa. NDIYO. Shingo yake ikabadilika rangi.

"Noma," alisema polepole. Kisha, "Umeijuaje hii?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha. Sabini na saba."

"Nilikufundisha, mimi mwenyewe nikasahau." Akazika uso mikononi. "Twende kwa mzee. Wewe ndiye utakayesema."

"Mimi? La. Wewe sema."

"Nikisema mimi atanifukuza kabla sijamaliza."

Mzee Korane alitusikiliza akiwa amesimama, funguo mkononi. Nilizungumza nikitazama viatu vyake, na mara mbili aliniambia nipaze sauti. Nilipomaliza aliuliza lile nililoliogopa.

"Arbia. Una mtu wako aliyeachwa?"

"Ninaye. Habaryar Hawo."

"Aa." Akageuka dirishani.

"Lakini hata tukiirekebisha hatakuwemo," nilisema, na safari hii hakuhitaji kuniambia nipaze. "Fomu yake haina namba. Imeandikwa Alhamdulillahi. Tukiondoa dola, wa tisa wataingia na Olow atatoka, bila kalamu ya mtu. Wale wa Alhamdulillahi watabaki nje wote. Ni sitini na tatu, wa kila ukoo. Nimewahesabu."

"Mpe sifuri tu kila mmoja wao," alisema Ayanle.

"Wengine wana mia," nilimjibu. "Alhamdulillahi husema mwenye mia na husema mwenye mmoja."

Mzee Korane alizungusha funguo zake muda mrefu. Mwishowe alisema orodha haitasomwa kesho, itasomwa Jumatano. Nilituma salamu kwa dereva wa lori la maji kwamba habaryar asibomoe nyumba. Vijana nao, alisema mzee, warudi kwa wale sitini na tatu. Na akaniuliza, ikiwa watu hawa hawataki kutaja hesabu, waulizwe nini?

"Majina," nilisema. "Kila mbuzi ana jina. Wataje majina, na anayeuliza ndiye ahesabu, moyoni mwake."

"Vizuri. Na wewe nenda na Ayanle upande wa Dadaab. Lakini nyumba ya Hawo usiandike wewe. Mkono wako usiguse ile fomu. Umenielewa?"

Nilimwelewa.

Tulifika kwa habaryar Jumatatu jioni, mbuzi wakirudi. Alikuwa hajabomoa nyumba, lakini mikeka ya juu alikuwa ameshaishusha na kuifunga kamba, na ngamia wa kukodi wa kuibeba alikuwa amefungwa kwenye mti. Nilikaa mbali kidogo, juu ya jiwe, mikono chini ya mapaja yangu ili isifanye kitu.

Ayanle aliamkia vizuri, akamwita eeddo, yaani shangazi, akachuchumaa, akafungua daftari. "Eeddo, mbuzi wako waliobaki ni..." Akajisahau. "Ni wangapi?"

"Alhamdulillahi," alisema habaryar.

Ayanle akanitazama. Nikatazama mchanga.

"Basi nitajie majina yao, eeddo."

Uso wa habaryar ulifunguka. Hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kumuuliza hilo. "Addey," alianza. "Huyo mweupe. Na mama yake, Addey mkubwa. Gaduudo mwekundu. Dhegyar, masikio yake madogo kama ya panya. Barwaqo..." Alitaja, akitabasamu, akieleza nani alizaliwa wakati gani, nani alikuwa mwizi wa unga, nani alizaa mapacha mara tatu. Kalamu ya Ayanle iliweka alama moja kwa kila jina, na hapo hatimaye ule mwiba ulinitoka. Chukua kilichomo, ongeza mmoja, rudisha. N = N + 1. Ni mlango wa zizi jioni, hakuna zaidi.

Lakini kalamu haikusimama. Kumi na tano. Ishirini. Ishirini na tano. Nilihesabu naye. Habaryar alifika thelathini na moja ndipo akanyamaza, akafuta jicho kwa ncha ya shuka.

Ayanle aliangalia alama zake. Akaniangalia mimi, macho ya mtu aliyebeba habari mbaya. Thelathini na moja si kidogo kuliko ishirini, kwa chombo chochote kile. Akainua kalamu aandike.

Alikuwa ametaja waliokufa. Bila shaka aliwataja. Nani ataanza kumtaja binti bila kumtaja mama? Mimi nililijua hilo, na Ayanle hakulijua, na mkono wangu ulikatazwa ile fomu. Mdomo wangu haukukatazwa.

"Habaryar!" nilisema. Ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Ngamia aligeuza shingo. "Wangapi... la. Nani na nani kati yao walikunywa maji leo asubuhi?"

Habaryar alinitazama. Kisha akashusha macho.

"Addey mdogo," alisema, sasa bila tabasamu. "Dhegyar. Yule mweusi wa Barwaqo, lakini Barwaqo mwenyewe hapana. Geesley. Watoto wawili wa Gaduudo. Na yule kiwete."

"Wengine hawakunywa?" aliuliza Ayanle.

"Wengine hawanywi tena, mwanangu."

Ayanle alirudi kwenye alama zake, akakata ishirini na nne moja moja, taratibu, kama anayefukia. Akaandika saba.

Tulipokuwa tukirudi kwenye gari aliniambia, "Kesho hapo kwenye fomu sitini na tatu tutakuta wangapi wamehesabiwa na wafu wao?"

Vijana wengine walikuwa wameshaenda na kurudi. Jumanne tuliwapigia redio waliokuwa bado njiani, na wale waliorudi tukawarudisha, wakinung'unika na kuniita mwalimu, kwa dhihaka. Waliuliza upya, nani alikunywa asubuhi. Ayanle aliondoa ile dola mbele ya macho ya Mzee Korane, na printa ikalia tena mpaka karibu na magharibi. Jumatano orodha ilisomwa. Olow alipiga fimbo yake chini akasema mashine imenunuliwa, lakini alipouliza na nani, kila mtu alimtajia mwingine, na kelele ikaishia kuwa kicheko. Saynab alikuwemo. Habaryar alikuwemo, ukurasa wa pili.

Mbuzi walifika wiki mbili baadaye, kumi kumi kwa kila nyumba. Niliomba ruhusa niwe kwa habaryar siku hiyo. Mikeka ilikuwa imerudi juu ya nyumba, ngamia wa kukodi alikuwa amerudi kwa mwenyewe. Wale wageni hawakujua zizi, wakaruka, wakarudi nyuma, wakakanyagana, na kila mmoja ilibidi asukumwe kupitia pengo la miiba. Habaryar alisimama upande mmoja akiwaangalia nyuso, midomo yake inasogea, anawatafutia majina.

Mimi nilisimama upande wa pili. Sikutaka, lakini ilianza yenyewe kichwani, kutoka wale saba. Chukua kilichomo, ongeza mmoja, rudisha. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita. Mbuzi mmoja mwekundu alikuwa bado nje, anakataa kuingia, ananitazama.

Nikageuza uso, nikaangalia barabara mpaka nikasikia habaryar akifunga pengo.